Sauti ya Imamu na Haki ya Kila Mwenye Kusali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya siku ya kuadhimisha kumalizika kwa matengenezo ya msikiti)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu masikio na akili, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu, waume kwa wake, wazee kwa vijana. Katika siku kama ya leo ni desturi kusifu kuta zilizopakwa rangi, mikeka mipya na mnara ulionyooka. Hayo yote ni mema, na waliotoa mali zao katika hayo wana ujira wao kwa Mola wao. Walakini lipo jambo moja lisiloonekana kwa macho, nalo ndilo hutia uhai katika nyumba ya Mwenyezi Mungu kila siku mara tano. Jambo hilo ni sauti. Msikiti waweza kukosa rangi na sala ikatimia, bali maamuma asiyejua imamu wake yuko katika rukuu au katika sijida, huyo sala yake imo mashakani. Kwa sababu hiyo hotuba hii yahusu nyaya, spika na mashine za kukuza sauti. Na asistaajabu mtu kusikia mambo hayo yakitajwa msikitini, kwani kila chombo kinachoitumikia ibada chapasa kujuliwa na kutunzwa kama amana.

Tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, sauti ilipewa mtu anayestahili. Abdallah bin Zayd ndiye aliyeona katika ndoto maneno ya adhana, lakini Mtume alimwamuru amfundishe Bilal ayaadhini, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa na nguvu zaidi na ilifika mbali. Tena Mtume alipokuwa mgonjwa na sauti yake imepungua, Abubakar Sidiki alisimama karibu naye akawasikilizisha watu takbiri. Kutokana na hayo wanazuoni wakaithibitisha kazi ya mubalighi, yaani mtu anayeipokea sauti ya imamu na kuifikisha kwa safu za nyuma. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii yasemwa wazi kwamba maamuma ni lazima ajue mienendo ya imamu wake, ama kwa kumwona, ama kwa kuiona safu iliyo mbele yake, ama kwa kumsikia, ama kwa mubalighi.

Basi spika iliyotundikwa ukutani ni nini? Ni mubalighi wa chuma. Haina akili wala nia, ila hufikisha tu. Mwaka 1936 Msikiti wa Sultani huko Singapore ulifunga vipaza sauti, na tangu hapo chombo hicho kimeenea duniani kote, hata leo ni nadra kuona msikiti wa mji usiokuwa nacho. Lakini kama vile mubalighi wa watu aweza kukosea akawakosesha wengi, kadhalika huyu wa chuma. Na tofauti ni kwamba huyu wa chuma, akikosea, kosa ni la wale waliomfunga.

Katika mji mmoja wa nchi hizi za Maziwa Makuu ulikuwapo msikiti wenye ghorofa, wanaume wakisali chini na wanawake juu. Msikiti huo ulikuwa na mashine moja ya kukuza sauti, na chini mlikuwa na spika mbili. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu. Kisha tajiri mmoja, kwa moyo mwema, akatoa spika mbili kwa ajili ya wanawake. Fundi akavuta waya kutoka kwenye mashine ileile akazifunga. Haukupita mwaka, mtu mwingine akatoa spika mbili za uwanjani kwa ajili ya sala ya Ijumaa, nazo zikafungwa papo hapo. Watu wote wakafurahi, wakaomba dua, wakanywa kahawa.

Tangu siku hiyo mashine ikaanza kuwa na moto. Sauti ilikatika kwa dakika kadhaa kisha ikarudi yenyewe. Chini hawakujali, kwa kuwa walimwona imamu na waliisikia sauti yake bila ya chombo. Juu ndiko kulikokuwa na taabu. Mama mmoja mtu mzima alimwendea mwenyekiti wa kamati katika mwezi wa Shaabani, akamwambia, "Mwanangu, huko juu hatudai spika mpya. Twadai kumsikia imamu tu." Akajibiwa kwa adabu, "Subirini kidogo, mama, Inshallah baada ya mfungo jambo lenu litatazamwa." Mama yule akashukuru akaenda zake.

Ukaja usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani. Msikiti umejaa, juu kumebanana, na uwanjani watu wametandika mikeka. Katika sala ya tarawehe imamu aliposujudu, mashine ikazimika. Chini watu waliinuka pamoja na imamu wao. Huko juu hapana aliyejua. Wengine walikaa katika sijida mpaka shingo zikauma. Wengine waliinuka kwa kukisia, wakawakuta wenzao bado wamesujudu, wakarudi. Wengine walisikia nyayo za watu chini wakadhani ni kisimamo, kumbe imamu alikuwa katika sijida ya pili. Watoto wakalia. Baadhi ya wanawake walikata sala wakashuka ngazi wakitokwa na machozi. Na mama yule mtu mzima, aliyesema tangu Shaabani, alikutwa bado yumo katika sijida wakati imamu alipokwisha kutoa salamu.

Asubuhi yake zilitafutwa lawama. Huyu aliulaumu umeme, huyu aliilaumu mashine kwamba ni bandia, huyu akamlaumu fundi, na wako waliosema ni husuda. Kumbe mashine haikuwa na kosa. Ilibebeshwa mzigo usio wake, nayo ikafanya kile kilichowekwa ndani yake na aliyeitengeneza: ikajizima isiungue, na ilipopoa ikawaka tena. Jambo hilo lataka kuelezwa polepole, kwa kuwa limekuwa la misikiti mingi.

Kila spika ina ukinzani wake, nao hupimwa kwa omu. Spika nyingi za kawaida zina omu 8. Na kila mashine huandikwa nyuma yake kiwango cha chini inachoweza kustahimili. Aghalabu ni omu 4. Ukinzani ni kama bomba jembamba linaloyazuia maji ya tangi yasitoke yote kwa mara moja. Ukifungua bomba moja, maji hutoka kwa kiasi. Ukitoboa la pili ubavuni mwake, maji hutoka mara mbili. Ukitoboa sita, tangi halina tena cha kulizuia. Hivyo ndivyo ilivyo kwa spika zinazofungwa sambamba, waya chanya wa kila moja ukiunganishwa na chanya, na hasi na hasi. Spika mbili za omu 8 huifanya mashine ione omu 4. Hapo ndipo msikiti ule ulipoanza, na palikuwa salama. Spika nne zikawa omu 2. Spika sita zikawa kama omu 1 na theluthi moja tu. Mashine iliyoumbwa kustahimili omu 4 ikawa inatoa mkondo wa umeme mara tatu ya haki yake. Kila mfadhili aliyetoa spika mbili alidhani ameongeza sauti, na kwa hakika alikuwa ametoboa tangi.

Wako mafundi wanaokwepa shida hiyo kwa kuzifunga spika kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine. Hesabu yake ni kujumlisha: mbili za omu 8 huwa omu 16, na mashine hupumzika. Pia yawezekana kuchanganya, mbili za mfuatano zikafungwa sambamba na mbili nyingine za mfuatano, na jumla ikarudi kuwa omu 8. Njia hiyo ni sahihi kwa chumba kimoja. Lakini kwa msikiti wenye pande nyingi ina aibu mbili. Kwanza, waya mmoja ukikatika, kila spika iliyo katika mfuatano huo hunyamaza. Pili, haiwezekani kupunguza sauti ya upande mmoja bila ya kuubughudhi upande wa pili.

Tena kuna masafa. Mashine ya wati 120 ikisukuma nguvu zake zote katika mzigo wa omu 4 hupitisha mkondo unaozidi ampea 5. Mkondo mkubwa namna hiyo hutaka waya mnene. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba ukivutwa mita 40, kwenda na kurudi ni mita 80, nao peke yake una ukinzani unaokaribia omu 1. Basi katika mzigo wa omu 4, karibu sehemu moja katika tano ya nguvu hupotelea ndani ya waya, ikageuka joto lisilomfaa mwenye kusali wala mwenye kuadhini.

Kwa sababu hizo, penye majengo makubwa, mashule, vituo vya reli na misikiti, mafundi wenye ujuzi hutumia njia nyingine, nayo ni njia ya volti 100. Mashine yake hutoa sauti kwa volti nyingi na mkondo mdogo, kama vile umeme unavyosafirishwa mbali katika nyaya za nguzo. Kila spika huwa na transfoma ndogo mgongoni mwake, ya kuzishusha volti hizo. Mashine ileile ya wati 120 sasa hupitisha ampea 1.2 tu, na upotevu katika ule waya wa mita 40 huwa kama sehemu 1 katika 100. Spika zote hufungwa sambamba, na hapana haja ya fundi kuumiza kichwa kwa hesabu za omu, kwa sababu kila transfoma imeandikwa wati itakazochukua: 2.5, au 5, au 10, na zaidi. Hesabu iliyobaki ni ya mtoto wa chuo. Jumlisha wati za spika zote, na jumla isizidi sehemu 80 katika 100 ya wati za mashine. Zile 20 ni akiba, ili mashine isichoke wala sauti isikwaruze.

Mfano wake ni huu. Ukumbi wa wanaume wapewa spika 8 za wati 5, jumla wati 40. Ghorofa ya wanawake spika 4 za wati 5, jumla 20. Baraza na uwanja spika 2 za wati 10, jumla 20. Mahali pa kutawadhia spika 2 za wati 2.5, jumla 5. Chuo cha watoto vivyo hivyo, jumla 5. Zote pamoja ni wati 90. Mashine ya wati 120 ina haki ya kubeba 96. Basi mashine moja yatosha kwa maeneo yote matano, yakishirikiana kama ndugu katika sahani moja. Akija mfadhili na spika moja tu ya wati 10, jumla itakuwa 100, na hapo mpaka umevukwa. Haifai kumwonea haya. Aambiwe kwa upole kwamba sadaka yake yahitajika mahali pengine.

Kushirikiana katika mashine moja si kulazimika kuwa na sauti moja. Kila eneo hutoka na waya wake kutoka kabatini, likawa na swichi yake ya kuwasha na kuzima na kitufe chake cha kupandisha na kushusha. Kitufe hicho chapasa kuwa na uwezo usiopungua wati za eneo lake. Zipo faida kubwa katika kutenga nyaya. Waya mmoja ukigusana na mwenzake huko uwanjani, mstari wote waweza kunyamaza. Lakini penye swichi, mtumishi wa msikiti huzima eneo moja moja mpaka amgundue mkosa, akamwacha huyo nje, na wengine wakaendelea kusikia. Na kitufe cha ghorofa ya wanawake kiwekwe hukohuko juu, mikononi mwao. Mtu aliye chini hawezi kujua kama sauti ya juu yatosha au yakera. Hilo nalo ni katika kumpa kila mwenye haki haki yake.

Ama mnara, ni bora uwe na mashine yake peke yake. Honi 4 za wati 15 ni wati 60, nazo zatoshelezwa na mashine ya pili ya wati 120. Mashine zote mbili hupokea sauti kutoka katika mikrofoni ileile, kupitia kichanganyio kimoja, kwani katika kuingia sauti yaweza kugawanywa. Katika kutoka, haiwezi. Hapa lipo katazo lisilo na ruhusa: matundu ya kutolea sauti ya mashine mbili yasiunganishwe kamwe katika waya mmoja wa spika, kwa kudhani kwamba nguvu zitajumlishwa. Kila moja huisukuma nyingine, na aghalabu zote mbili huungua. Iliyo halali ni swichi ya kugeuza, inayouacha upande mmoja kabisa kabla ya kuushika wa pili. Kwa swichi hiyo, mashine ya ndani ikifa katikati ya mwezi mtukufu, wati 90 za ndani huhamishiwa kwenye mashine ya mnara, honi zikanyamaza kwa muda, na mwenye kusali juu asipotewe na imamu wake.

Yapo na mengine madogo yenye madhara makubwa. Spika zisizopitia transfoma zisichanganywe na zile za volti 100 katika waya mmoja. Chanya na hasi zifuatwe kwa rangi ile ile toka mwanzo mpaka mwisho, kwani spika mbili jirani zilizofungwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine yaivuta, na sauti nene ya imamu hupotea hewani. Waya wa mikrofoni usilale ubavuni mwa waya wa umeme, maana utaokota mvumo. Spika zisielekee mikrofoni, kwani mikrofoni ikiisikia sauti yake yenyewe huirudisha, na hapo ndipo hutoka ule mluzi unaowashtua watu katika sala. Sauti huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenda mita 34. Basi spika za uwanjani zikiwa mbali sana na za ndani, mtu husikia neno mara mbili. Volti 100 si mchezo wa watoto: mashine izimwe kabla ya mkono kugusa waya. Na kwa kuwa nchi hizi zina radi nyingi, chuma cha mnara kiwe na waya wake wa kushuka ardhini, uliofungwa na fundi aijuaye kazi hiyo.

Sasa, ndugu, ni kuhusu jirani. Wako wanaodhani kwamba dawa ya sauti hafifu ni kuongeza wati. Ukweli ni kwamba kuzifanya wati kuwa mara mbili huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa taabu. Na ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, zahitajika wati karibu mara kumi. Kwa upande mwingine, kila mtu anaposogea mara mbili ya umbali kutoka kwenye spika mahali pa wazi, hupoteza desibeli 6. Maana yake ni nini? Spika nyingi ndogo zilizo karibu na watu, zenye sauti ya upole, ni bora kuliko honi mbili kubwa zinazopiga kelele kutoka mbali. Wa karibu hawaumii, na wa mbali hawakosi.

Katika mitaa kama Buyenzi ya Bujumbura na Nyamirambo ya Kigali, nyumba zimeshikana, na ukuta wa msikiti ni jirani wa mgonjwa, wa mzazi, wa mtoto mchanga na wa asiyekuwa Mwislamu. Mwezi wa Machi 2018, wakuu wa wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali waliizuia misikiti ya huko kuadhini kwa vipaza sauti, wakataja kelele kuwa ndiyo sababu. Wako waliohuzunika sana. Lakini mwaka 2021, mwezi wa Mei, hata katika nchi ya Makka na Madina, wizara inayosimamia mambo ya dini ya Saudia iliamuru kwamba spika za nje zitumike kwa adhana na ikama tu, na sauti yake isizidi theluthi moja ya nguvu za mashine. Basi mwenye akili hangoji kuamriwa. Yajulikana kwamba Mtume alipokuwa katika itikafu alisikia watu wakisoma kwa kunyanyua sauti, akafunua pazia na kuwakataza wasiudhiane kwa kisomo. Ikiwa kisomo cha Kurani chenyewe kiliwekewa mpaka ili mwenye kusali asiudhike, itakuwaje mawaidha ya saa mbili yanayomiminwa kwa honi juu ya kitanda cha mgonjwa?

Hapa ndipo faida ya kutenga maeneo inapoonekana wazi. Msikiti wenye waya mmoja kwa kila kitu hauna hiari: ama mtaa mzima usikie, ama wanawake wa juu wasisikie. Msikiti uliotenganisha nyaya zake huadhini kwa mnara, kisha huufunga mnara, na sala, khutuba na darasa hubaki ndani kwa wenyewe. Na siku wakuu wa mji watakapotaka mnara unyamaze, hunyamaza mnara peke yake, na hapana safu hata moja ndani itakayopotewa na takbiri.

Msikiti ule uliotajwa, baada ya aibu ya usiku wa ishirini na saba, uliyafanya hayo. Kamati haikukimbilia dukani. Kwanza ilimwita mama yule, ikamwomba radhi mbele ya watu, na ikamtaka yeye na wenzake waseme ni wapi husikika na ni wapi hakusikiki. Walikwenda pamoja na fundi, pembe kwa pembe, wakati wa sala na nje ya sala. Wakaonyesha nguzo inayoizuia sauti, dirisha linaloingiza makelele ya barabara, na kona ambayo vikongwe hupenda kuketi kwa sababu iko karibu na ngazi. Fundi akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hapana aliyewahi kumpeleka juu. Ndipo ikaandikwa hesabu ya wati, ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati, na chini yake yakaandikwa maneno kwamba hapana spika itakayoongezwa bila ya hesabu hiyo kuandikwa upya. Mambo hayo yalitoka katika fedha za walewale waliokuwa wakitoa spika. Ila safari hii waliuliza kabla ya kununua.

Hata hivyo chuma ni chuma. Umeme hukatika, na betri huisha. Mashine nyingi za namna hii zina mahali pa kufungia betri za volti 24, na ni wajibu wa kamati kuziweka na kuzipima kabla ya Ramadhani, si usiku wa sala. Zaidi ya hayo, mubalighi wa watu asifutwe. Achaguliwe kijana mwenye sauti, asimame mahali ambapo sauti yake itafika juu, na ajue kwamba chombo kikinyamaza tu, kazi imekuwa yake. Na wanawake wafundishwe hukumu ya jambo hili: aliyepotewa kabisa na mienendo ya imamu ana ruhusa ya kunuia kufarikiana naye, akamaliza sala yake mwenyewe, wala hana haja ya kuikata kwa machozi. Laiti wangalifundishwa mapema wale wa usiku ule, wangalitoka msikitini na sala zao.

Kwa kumalizia, ndugu Waislamu, katika khabari hii mna mafunzo matatu. La kwanza, nia njema haiondoi hesabu. Spika sita zilizotolewa kwa ikhlasi zilizima sauti ambayo spika mbili ziliifikisha. La pili, chombo cha jamaa ni kama jamaa yenyewe: kila mmoja ana sehemu yake, akizidisha mmoja hupungukiwa wote. La tatu, nalo ndilo kubwa, msikiti hauwezi kutengenezwa na wale tu wanaosikia vizuri. Yapasa aulizwe yule asiyesikia. Mama yule hakujua omu wala wati, lakini maradhi ya mashine aliyajua mwezi mzima kabla ya mafundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwisho wa waya.

Mwenyezi Mungu aijaalie nyumba hii iwe nyumba ya kusikilizana, awalipe kheri waliotoa mali zao na waliotoa jasho lao, awarehemu waliotangulia, na aipokee sala ya kila mja, wa chini na wa juu, wa karibu na wa mbali.

Wabillahi tawfiki. Wasalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.